Pini zimeisha kwenye bodi? Ziongeze kwa waya mbili tatu tu

Wakuu, hii hali kila anayecheza na maikrokontrola (zile kompyuta ndogo za chipu moja, kama kwenye Arduino) lazima aipitie. Unaanza na taa mbili na kifungo kimoja, unaona pini zipo kibao, alafu unaongeza skrini, unaongeza sensa, unaongeza rilei nne (swichi zinazoendeshwa na umeme), ukija kushtuka pini zimeisha na mradi wenyewe bado nusu. Arduino Uno ina pini 20 ukihesabu na zile sita za analogi, na hapo 0 na 1 unaziacha maana ndo za siriali na kodi inapakiwa kupitia hizo hizo. ESP8266 ndo usiseme, pini zenyewe za kuhesabu na baadhi kama GPIO0, GPIO2 na GPIO15 zina masharti yake wakati bodi inawaka, ukizivuta upande usiotakiwa haianzi kabisa.

Wengi wakifika hapo wanakimbilia bodi kubwa zaidi. Mi nasema tulia kwanza, chukua karatasi, andika kila kitu unachotaka kuunganisha na mbele yake ujibu maswali manne: kinatoa au kinaingiza, kinakula miliampia ngapi, kinataka kasi gani, na umeme ukiwashwa kabla kodi haijaanza kufanya kazi kinatakiwa kiwe kimezima au vipi. Hilo la mwisho watu wanaliruka na ndo linaloleta mambo ya rilei kugonga zenyewe au mota kuruka kila ukiwasha. Ukishajibu hayo manne chipu ya kununua inajichagua yenyewe, hamna haja ya kuuliza ipi bora, maana hamna iliyo bora kwa kila kitu.

Kitu kingine cha kuamua mapema ni vitu gani visihame kabisa. Sensa ya DHT22 inatofautisha sifuri na moja kwa urefu wa mpigo, sifuri ni kama maikrosekunde 27 na moja ni 70, na taa za WS2812 ndo mbaya zaidi, biti moja nzima ni maikrosekunde 1.25. Hivyo viache kwenye pini za bodi yenyewe. Vinavyohamishwa ni vile visivyo na haraka, yaani vifungo, swichi, taa za kuonyesha hali, rilei, vitu vya namna hiyo.

Njia ya kwanza: 74HC595 kwa vitu vya kutoa tu

Kama shida yako ni kuwasha na kuzima vitu vingi, usijisumbue, anza na hii. Ni chipu ya miguu 16, unaipa pini tatu za bodi nayo inakupa nane. Inavyofanya kazi, unaipa biti moja moja kwenye mguu wa data, kila kloki (mpigo wa kusukuma biti) ikipanda biti mpya inaingia na zilizokuwepo zinasogea mbele, kama foleni tu. Zikishaingia nane unapandisha lachi na zote zinatokea kwenye miguu ya nje kwa mara moja. Hiyo lachi ndo utamu wenyewe, maana wakati biti zinasogea ndani huku nje hamna kinachoonekana.

Waya ziko hivi: mguu wa 14 ni data, wa 11 ni kloki, wa 12 ni lachi. Wa 16 ni umeme na wa 8 ni GND, yaani hasi. Mguu wa 10 unafuta kila kitu ukiwa chini (yaani volti 0) kwahiyo uunge kwenye umeme, usiuache unaning'inia. Mguu wa 13 nitausemea sasa hivi. Miguu ya nje ni wa 15 alafu 1 mpaka 7, ndo ule wa kwanza uko peke yake upande wa pili, hapo ndo taa zinawaka kwa mpangilio wa ajabu mtu akidhani chipu mbovu. Na weka kapasita ya 100nF kati ya umeme na GND karibu kabisa na chipu, sio mwisho wa bredibodi.

Kodi yake ni fupi:

```
const int DATA = 11, LACHI = 10, KLOKI = 13;
byte hali = 0;

void tuma() {
  digitalWrite(LACHI, LOW);
  shiftOut(DATA, KLOKI, MSBFIRST, hali);
  digitalWrite(LACHI, HIGH);
}

void weka(byte namba, bool washa) {
  bitWrite(hali, namba, washa);
  tuma();
}
```

Pini zote tatu uzitangaze kuwa za kutoa kwenye setup. Angalia hiyo `hali`. Chipu haiwezi kukuambia taa ipi imewaka, hamna njia ya kuisoma, kwahiyo kumbukumbu unaitunza wewe kwenye kodi na kila ukibadilisha biti moja unatuma zote nane upya. Ukitaka pini 16 au 24 unachukua mguu wa 9 wa chipu ya kwanza unaupeleka kwenye mguu wa 14 wa chipu ya pili, kloki na lachi wanashirikiana, pini za bodi zinabaki tatu zile zile. Kumbuka tu kwamba baiti unayoituma mwanzo ndo inaishia kwenye chipu ya mbali zaidi.

Sasa mguu wa 13. Ukiwa chini miguu ya nje inafanya kazi, ukiwa juu inajitoa kabisa kama haijaunganishwa. Michoro mingi inaunga GND moja kwa moja, na kwa taa sawa, lakini 595 ikipata umeme hali yake ya ndani ni ya kubahatisha, biti yoyote inaweza kuwa moja. Kama kuna rilei au mota huko mbele hiyo sio kitu cha kuacha hivi hivi. Fanya hivi: vuta mguu wa 13 juu kwa rizista ya 10k, alafu uupe pini moja ya bodi. Kodi ikianza, kwanza tuma sifuri zote, ndo ushushe hiyo pini. Pini moja imeongezeka sawa lakini umelala vizuri. Na kama nje umeunga MOSFETI (transista za kuwasha vitu vizito), kila geti, yaani mguu wake wa kuiamrisha, liwe na rizista ya kulivuta chini, maana chipu ikijitoa geti linabaki linaelea na linaweza kufunguka lenyewe.

Kuhusu umeme pia msidanganyike. Datashiti inasema chipu nzima kwenye miguu ya umeme na GND isipitishe zaidi ya mA 70. Ukichukua volti 5, taa nyekundu ya kama volti 2, na rizista ya 220 ambayo iko kwenye kila mchoro, ni kama mA 13.6 kwa taa moja, zikiwaka zote nane ni 109. Inawaka ndio, na inaweza kuwaka muda mrefu tu, ila umevuka mpaka. Weka 470 inakuwa kama mA 6 kwa taa, nane ni 51, na kwa macho tofauti ni ndogo. Kwa vitu vizito kama rilei tupu au mota ndogo weka ULN2803 katikati, hiyo ina transista nane ndani na diodi zake za kinga tayari.

Na wenye ESP32 wasikilize hapa. 74HC595 ukiipa volti 5 inataka ishara ifike 3.5 ndo iihesabu kuwa juu, na ESP32 inatoa 3.3. Kwenye meza itafanya kazi, ukiifunga kwenye boksi inaanza ukichaa, unalaumu kodi wiki nzima. Ama uipe chipu 3.3 ama ununue 74HCT595, hiyo herufi T inamaanisha inatosheka na volti 2 tu.

74HC165 kwa vifungo

Hii ni ndugu yake anayefanya kinyume, inasoma pini nane na kuzileta kwa waya mmoja. Mguu wa 1 ukiushusha kidogo inapiga picha ya vifungo vyote, ukiurudisha juu unaanza kuzisoma kwenye mguu wa 9 ukipiga kloki mguu wa 2, na mguu wa 15 unaunga GND. Haina pulapu (rizista ya kuvuta pini juu) ndani kwahiyo kila kifungo kinataka rizista yake, 10k inatosha.

Mambo mawili tu yanasumbua. Biti ya kwanza inakuwa tayari nje kabla hujapiga kloki hata moja, wakati `shiftIn` ya Arduino inapandisha kloki kwanza ndo isome, kwahiyo biti ya kwanza inapotea na vifungo vyote vinaonekana vimehama nafasi moja. Andika kitanzi chako mwenyewe kinachosoma alafu ndo kinapiga kloki. La pili, huo mguu wa 9 haujitoi kamwe, uko juu au chini muda wote, kwahiyo ukiuunga kwenye MISO (waya wa SPI unaoleta data kwenye bodi) pamoja na kadi ya SD au kifaa kingine cha SPI utawaziba wenzake. Upe pini yake peke yake.

Njia ya pili: I2C na MCP23017

Kama una mchanganyiko wa vifungo na vya kutoa, au tayari una skrini ya I2C, hapa ndo pa kuja. I2C ni njia ya vifaa kuongea na bodi, waya ni mbili tu, SDA ya data na SCL ya kloki, kwenye Uno ni A4 na A5, na vifaa vyote vinaning'inia kwenye waya hizo hizo kila kimoja na anwani yake. I2C ilitoka Philips mwaka 1982 na kanuni yake mpaka leo ni moja: kifaa kinaruhusiwa kuvuta laini chini tu, kupanda juu kunafanywa na rizista za pulapu. Kwahiyo bila pulapu hamna I2C. Weka 4.7k kwenye kila waya, moja SDA moja SCL. Ila moduli nyingi zinakuja na zake tayari, na ukiunga tano zenye 4.7k unajikuta na kama ohmu 940, kwa volti 5 ni zaidi ya mA 5 wakati kiwango cha kawaida cha I2C kinataka kifaa kiweze kuvuta mA 3. Zikizidi, ng'oa za baadhi ya moduli.

PCF8574 ni ya bei rahisi na ya pini nane, ndo ile iko nyuma ya skrini nyingi za LCD zenye anwani 0x27 au 0x3F. Haina rejista (vijisanduku vya ndani vyenye namba), unaandika baiti moja basi. Shida yake ni kwamba ikiwa juu inatoa umeme kiduchu sana, karibu maikroampia 100, taa haiwaki hata upige dua. Kushuka ndo ina nguvu, mA 25. Kwahiyo taa iunge kutoka kwenye umeme kupitia rizista kuja kwenye pini, na kwenye kodi sifuri ndo kuwasha. Ukitaka kusoma kifungo unaandika moja kwanza kwenye hiyo pini alafu unasoma.

MCP23017 ina pini 16, nane bandari A na nane bandari B, na kila moja unaiamulia iwe ya kutoa au kuingiza. Mguu wa 9 umeme, 10 GND, 12 SCL, 13 SDA. Miguu 15, 16 na 17 ndo ya anwani, zote zikiwa GND anwani ni 0x20, na ukizibadilisha unafika mpaka 0x27, yaani chipu nane na pini 128 kwa waya mbili. Mguu wa 18 ni wa riseti, usiuache unaelea hata kidogo, upeleke juu. Kwenye bandari A pini zinaanzia mguu 21 mpaka 28, bandari B mguu 1 mpaka 8. Kwa ESP32 chipu hii ipe volti 3.3, inakubali kuanzia 1.8 mpaka 5.5, maana ukiipa 5 inataka ishara ifike 4.

Kitu ambacho mafunzo mengi ya zamani hayana: Microchip walibadilisha datashiti wakasema GPA7 na GPB7 (pini ya mwisho ya kila bandari) zitumike kutoa tu, kwa sababu zikitumika kuingiza zinaweza kuharibu data kwenye SDA. Kwahiyo panga kwamba una pini 14 za kuingiza, sio 16.

Chukua mfano wa rilei nane bandari A, zile moduli za kawaida ambazo zinawaka ukishusha pini, na vifungo saba bandari B:

```
#include <Wire.h>
const byte CHIPU = 0x20;

void andika(byte rejista, byte thamani) {
  Wire.beginTransmission(CHIPU);
  Wire.write(rejista);
  Wire.write(thamani);
  Wire.endTransmission();
}

byte soma(byte rejista) {
  Wire.beginTransmission(CHIPU);
  Wire.write(rejista);
  Wire.endTransmission(false);
  Wire.requestFrom(CHIPU, (byte)1);
  return Wire.read();
}

void setup() {
  Wire.begin();
  Wire.setClock(400000);
  andika(0x14, 0xFF); // A: zote juu, rilei zimezima
  andika(0x00, 0x00); // A: sasa ziwe za kutoa
  andika(0x01, 0x7F); // B: saba za kuingiza
  andika(0x0D, 0x7F); // B: pulapu za ndani
  andika(0x05, 0x7F); // B: intarapti
}
```

Mpangilio wa hizo mistari miwili ya bandari A sio wa bahati. Chipu ikiwaka pini zote ni za kuingiza, kwahiyo rilei zimetulia. Lakini rejista ya kutoa inaanza na sifuri, ukitangaza pini ni za kutoa kabla hujaandika 0xFF zinashuka zote na rilei nane zinagonga pamoja. Andika thamani kwanza, mwelekeo baadaye. Hii inashika kwa chipu karibu zote za aina hii.

Vifungo vinaungwa kati ya pini na GND, na kuvisoma ni `~soma(0x13) & 0x7F`, hapo moja inamaanisha kimebonyezwa. Pulapu za ndani ni kama 100k, dhaifu kidogo, kwa kifungo kilicho mbali ongeza ya nje ya 10k.

Alafu tumia intarapti jamani, yaani chipu yenyewe iiite bodi kitu kikibadilika. Bila hiyo unakaa unauliza chipu kila saa kuna kitu, na kila swali linakula muda. Mguu wa 19 ni wa intarapti ya bandari B, uunge pini 2 ya Uno, kifungo kikibadilika unashuka chini. Kwenye ISR (kodi inayoitwa na intarapti) usifanye mazungumzo ya I2C, bodi itaganda, weka tu bendera ya `volatile` iwe kweli na usomee kwenye loop. Na huo mguu haurudi juu mpaka usome rejista 0x13, au 0x11 ambayo inashika picha ya vifungo wakati ule tukio linatokea. Ukisahau kusoma, intarapti inakuja mara moja tu alafu kimya, na ukisoma mara moja kwenye mwisho wa setup unafuta ile iliyobaki tangu bodi inawaka.

Kasi nayo tuongee. Kuandika rejista moja ni baiti tatu, kila baiti biti 9 na uthibitisho wake, ukijumlisha mwanzo na mwisho ni kama biti 29. Kwa 100 kHz hiyo ni karibu milisekunde 0.3, wakati `digitalWrite` kwenye pini ya Uno yenyewe ni maikrosekunde chache tu. Laibrari zenye kuandika pini moja moja mara nyingi zinasoma kwanza ndo ziandike, kwahiyo ukizungusha pini nane unalipia mara kumi na zaidi. Tunza hali kwenye baiti yako kama tulivyofanya kwa 595 na uandike bandari nzima mara moja. Bado polepole? Kuna MCP23S17, rejista zile zile ila kwa SPI mpaka 10 MHz.

Kwa mambo mengine nitapita haraka. Analogi ADS1115 inakupa nne za biti 16 kwa I2C, au MCP3008 nane za biti 10 kwa SPI. Sevo na taa za kufifia chukua PCA9685, njia 16 za PWM (kuwasha na kuzima haraka haraka), ila sevo zipewe umeme wao. Vifaa viwili vyenye anwani moja isiyobadilika unavitenganisha kwa TCA9548A, inafungua tawi moja kati ya nane unalotaka.

Ikigoma

Anza na skana ya I2C, ile kodi ndogo inayopita anwani zote na kuona `endTransmission` ipi inarudisha 0. Isipoona kitu chochote, pima SDA na SCL kwa mita laini ikiwa imetulia: zote mbili ziwe karibu na volti ya umeme. Zikiwa katikati au zinaelea ni pulapu, ukipata zote sawa ila bado kimya jaribu kubadilishana SDA na SCL, usione aibu. Ikionekana kwa anwani ambayo sio yako, mguu wa anwani unaelea. Ikifanya kazi mpaka rilei igonge ndo iganda, hiyo sio kodi, ni kelele za umeme, tenganisha umeme wa rilei na GND irudi kwa waya mnene. Waya ikiwa ndefu laini haipandi haraka maana kiwango cha I2C ni pikofaradi 400 kwa jumla, shusha kasi iwe 100 kHz au chini yake kabla hujafikiria kingine.

Na kuna ile ya kuudhi, umebonyeza riseti ya bodi katikati ya kusoma na sasa SDA imebaki chini, skana haioni kitu, mpaka uchomoe umeme. Hapo chipu bado inangoja kloki imalizie baiti yake. Kabla ya `Wire.begin` angalia SDA, ikiwa chini piga SCL mwenyewe mpaka mara 9 hadi SDA ipande, alafu tengeneza ishara ya mwisho, yaani SDA ipande wakati SCL iko juu. Kwenye Uno ongeza na `Wire.setWireTimeout` ili kodi isikwame milele, na kama una pini moja imebaki, ile riseti ya mguu wa 18 ipeleke kwenye bodi badala ya kuiunga juu moja kwa moja, ukiacha rizista ya 10k ya kuivuta.